Damu ya nani?

Swali: Mimi na mume wangu ni wazima, ila kifungua mimba wetu ana selimundu, mdogo wake hana. Wakwe wanalaumu damu yangu. – Mama, Suna Mashariki

Jibu: Wakwe wamekosea, mama. Mtoto huugua akirithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama pia. Nyinyi kila mmoja ana nakala moja nzima na moja ya selimundu, iliyoenea kandokando ya Ziwa Victoria kwa kuwa nakala moja hukinga dhidi ya malaria kali. Mgawanyiko wa seli uitwao meiosisi unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, kromosomu 46, zinazobeba jeni, hubaki 23: kila jozi hutoa moja kwa bahati tu. Michanganyiko hupita milioni 8, kabla hata ya kromosomu kubadilishana vipande! Kwa jeni hii, kila mmoja wenu hupitisha nakala ya selimundu kwa uwezekano wa nusu; kila mimba, basi, ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa selimundu. Mdogo naye apimwe. Huenda amebeba nakala moja.