Usafi wa Mbegu za Uhimilishaji: Mambo Ambayo Mfugaji Anapaswa Kuyajua Kabla ya Kulipia Huduma

Mfugaji anayelipia uhimilishaji ni mlaji kama mlaji mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba bidhaa anayoinunua haionekani kwa macho: imo ndani ya mrija mwembamba wa plastiki, uliohifadhiwa katika naitrojeni kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika somo hili tunaeleza jinsi bakteria wanavyoingia katika mbegu za fahali, madhara yao, na mambo ambayo mfugaji wa Mpanda na Mkoa wa Katavi kwa ujumla anaweza kuyakagua mwenyewe.

Uchafu hutoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni fahali mwenyewe. Ndani ya govi lake na katika nywele za sehemu hiyo huishi bakteria wa aina nyingi, hata akiwa mzima wa afya. Ndiyo maana katika vituo vya kuzalisha mbegu, kama Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River mkoani Arusha, fahali hupimwa magonjwa na kutunzwa katika mazingira safi kabla na wakati wa kukamuliwa mbegu. Vyanzo vingine ni vyombo vya kukamulia, maji, kiini cha yai au maziwa yanayotumika kuzimua mbegu, na mikono ya watendaji.

Chanzo cha mwisho kiko zizini kwako. Mbegu zilizotoka kituoni zikiwa safi huweza kuchafuliwa katika dakika chache za mwisho kwa maji machafu, mkasi wenye kutu au kinyesi.

Je, baridi haiui bakteria?

Wengi hudhani hivyo, lakini sivyo. Baridi kali huwazuia bakteria wasizaliane, lakini wengi wao hubaki hai na huamka mbegu zinapoyeyushwa. Kwa sababu hiyo vituo huchanganya viuavijasumu katika mbegu kabla ya kuzigandisha. Dawa hizo hupunguza bakteria, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya usafi.

Madhara yake

Bakteria hushindana na mbegu, huzidhoofisha, na huweza kusababisha uvimbe katika mji wa mimba. Ng'ombe asiposhika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi, na kila mzunguko unaopotea ni siku 21 za maziwa na ndama zilizocheleweshwa, pamoja na gharama ya kuhimilisha upya.

Yapo pia magonjwa mahususi. Kampilobakta husababisha ugumba na kutupa mimba. Brusela huwatupisha ng'ombe mimba, na humwambukiza binadamu anayekunywa maziwa mabichi au kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu.

Hata hivyo, mfugaji asiukimbie uhimilishaji kwa hofu hiyo. Dume moja linalozungushwa katika mazizi ya kijiji kizima bila kupimwa ni hatari kubwa zaidi. Mbegu za fahali aliyepimwa, zikitumiwa kwa usafi, ni kinga dhidi ya magonjwa hayo.

Mambo ya kukagua

1. Uliza mbegu zimetoka kituo gani, na fahali ni wa aina gani. Usimtake mhimilishaji autoe mrija mtungini ili uusome, kwani joto la nje huharibu mbegu. Usome ukishayeyushwa na kukaushwa.

2. Hakikisha mtungi una naitrojeni ya kutosha. Katika safari ndefu za vijijini, naitrojeni hupungua, na mbegu zilizowahi kuyeyuka hazirudishiki kwa kugandishwa tena.

3. Mrija uyeyushwe katika maji safi yenye joto la nyuzi 35 hadi 37, yaliyopimwa kwa kipimajoto, kwa nusu dakika au zaidi kidogo. Kuuyeyusha kwapani, mdomoni au juani si utaratibu unaofaa.

4. Mrija ukaushwe kwa karatasi safi kabla ya kukatwa. Mkasi uwe safi na mkavu.

5. Bomba la kuhimilishia livikwe ala mpya ya plastiki kwa kila ng'ombe, na glovu ndefu ibadilishwe pia.

6. Sehemu ya nje ya uke isafishwe na kukaushwa vizuri kabla bomba halijaingizwa.

Wewe nawe una wajibu: mfunge ng'ombe mahali pakavu, andaa maji safi, na useme ukweli iwapo anatoa ute wenye usaha au aliwahi kutupa mimba. Ng'ombe wa namna hiyo atibiwe kwanza.

Baada ya huduma

Andika tarehe, namba ya fahali na jina la mhimilishaji. Mchunguze ng'ombe kati ya siku ya 18 na ya 24. Akirudi kwenye joto mara mbili au tatu, au ng'ombe kadhaa waliohudumiwa na mtu mmoja wakirudi kwa pamoja, usiendelee kulipa kwa kubahatisha. Peleka kumbukumbu zako kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya halmashauri. Wataalamu wa afya ya mifugo husimamiwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003. Kwa hiyo una haki ya kuuliza kama anayekuhudumia ametambuliwa kisheria.

Mhimilishaji mwenye ujuzi hachukizwi na maswali haya. Anayekataa kuyajibu, usimkabidhi ng'ombe wako.