Umedaiwa Pesa ya Parkingi Likasi? Uliza Kwanza, Lipa Baadaye

Ukisimama dakika chache katikati ya mji kununua mkate, kijana mwenye gileti anakuja na kitabu cha risiti: "Papa, parkingi." Kabla hujatoa franka, soma haya.

1. Uliza: hii pesa ni ya nani?
Kesi yote iko hapa. Kando ya barabara ya umma, pesa ya parkingi ni taksi (tozo la serikali), na kampuni inayoikusanya ni karani tu wa serikali. Kwenye kiwanja cha duka, hoteli au kliniki, ni deni la mapatano kati yako na mwenye kiwanja. Katiba, kifungu cha 174, inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Taksi za mikoa, miji na komine zimeorodheshwa katika amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Kampuni haiwezi kujitungia yake, hata gileti ing'ae namna gani.

2. Barabarani, omba karatasi.
Kadi ya kazi, barua ya serikali inayomtuma, risiti yenye namba na mhuri. Akikujibu, "Papa, nipe tu nusu, karatasi ya nini?", hapo umeshajua unaongea na nani.

3. Kampuni haitozi amande.
Makosa ya barabarani yamo katika sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na ni kazi ya polisi na parke. Karatasi ya kampuni iliyoandikwa "amande" ni madai tu, na madai yanapingwa.

4. Kwenye kiwanja cha watu, tafuta kibao.
Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo ni kongwe kuliko mji wa Likasi, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano halali ni sheria kwa walioyafanya. Swali basi ni moja: mlipatana? Kama bei ilikuwa wazi mlangoni nawe ukaingia, hoja yako ni dhaifu. Kama kibao kiko nyuma ya mti, au bei imeandikwa kwa kalamu jana jioni, piga picha. Piga pia mahali ambapo kibao kilipaswa kuwepo na hakipo. Uingereza, Barry Beavis alipinga pauni 85 za kampuni ya ParkingEye mpaka Mahakama ya Juu, akashindwa mwaka 2015. Moja ya sababu: vibao vilikuwa vikubwa na vingi.

5. Wakifunga gurudumu, usivunje kufuli.
Ukivunja, kesi inageuka na mkosaji unakuwa wewe. Piga picha za gari pande zote, andika saa, ita polisi. Kama gari ndiyo inayokulisha na huwezi kungoja, lipa, lakini andika juu ya nakala zote mbili za risiti: "Ninalipa huku ninapinga." Wakikuharibia rimu, kifungu cha 258 cha dekreti ileile ya 1888 kinamlazimu aliyeleta hasara kwa kosa lake kuilipa.

6. Andika barua, kwa Kifaransa, ukurasa mmoja.
Weka namba ya gari, tarehe, saa, mahali, kiasi, sababu na unachotaka: kufutiwa au kurudishiwa. Matusi yaache nyumbani. Deni la kiwanja, mwandikie meneja wa kampuni. Taksi ya barabarani, angalia kwanza jina lililo juu ya risiti: la mji, nenda kwa meya, la komine, iwe Likasi, Kikula, Panda au Shituru, nenda kwa burgumesta, la DRHKAT, idara ya mapato ya mkoa, nenda huko huko, maana meya hawezi kufuta karatasi yake. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, maana bila mhuri huo watakuambia hawajawahi kukuona. Kampuni ikikataa kukurudishia pesa ya kiwanja, unaweza kupeleka madai yako mahakamani.

7. Piga hesabu.
Kama kiasi ni kidogo kuliko nauli ya kwenda ofisini mara mbili, mimi ningelipa, nichukue risiti, niende zangu. Dereva wa taksi-basi anayetozwa kila asubuhi ahesabu kwa mwezi, kisha yeye na wenzake wa kituo waandike barua moja yenye sahihi za wote.