Maji yakichemka, floraidi inakwenda wapi?

Ukitaka kujua kama mwanao wa darasa la sita au Kidato cha Pili anaielewa sayansi, acha madaftari kwanza. Muulize: tukichemsha maji haya, kinaondoka nini na kinabaki nini?

Kwa mkazi wa Olasiti, jijini Arusha, swali hilo ni la jikoni. Mlima Meru ni volkano, na ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Maji yakipita kwenye miamba na majivu yake huyeyusha floraidi, na baadhi ya visima na chemchemi za ukanda huu huvuka miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiko yanakotoka meno ya kahawia ambayo wengi bado wanayasingizia uvivu wa kupiga mswaki.

Mwanafunzi wa umri huu ajue kutofautisha kiumbe hai na kemikali iliyoyeyuka. Vimelea vya kipindupindu hufa maji yakichemka. Floraidi haifi, maana haikuwa hai, wala haipandi na mvuke. Lita moja yenye miligramu 3 ikichemka hadi ibaki nusu lita, zile 3 zimo vilevile. Kipimo sasa ni miligramu 6 kwa lita. Lakini msiache kuchemsha: kipindupindu huua kwa saa chache, floraidi hudhuru kwa miaka.

Jaribio la kuonyesha hili halihitaji maabara. Koroga chumvi, iwakilishe floraidi, kwenye maji safi ya kunywa, yachuje kwa kitambaa, onja. Yachemshe, yakipoa onja tena. Kisha yachemshe yakiwa yamefunikwa na uonje matone ya chini ya mfuniko (mtu mzima awepo, mvuke unaunguza). Akieleza kwa nini matone pekee hayana chumvi, uvukizi na utonesho ameshavielewa.

Baiolojia nayo imo. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya fizi tangu utotoni, hivyo wa kulindwa zaidi ni mdogo wake asiyefikisha miaka 8. Mtengeeni maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi, ambayo floraidi yake ni kidogo sana, na yachemsheni. Magadi ya kulainishia maharage huongeza floraidi. Mkaa wa mifupa, uliofanyiwa utafiti kituo cha Ngurdoto, huinasa. Mkaa wa kupikia msiutegemee.

Kidato cha Kwanza masomo huhamia Kiingereza, na hapo kukariri bila kuelewa ni rahisi mno. Basi amweleze bibi yake jambo hilihili kwa Kiswahili au Kimaasai, bibi naye ambane kwa maswali.

Kiwango cha floraidi kwenye bomba au kisima chenu hakionekani kwa macho, hupimwa maabara. Mkienda kuulizia AUWSA, mamlaka ya maji ya jiji, nendeni na mwanafunzi, aulize mwenyewe: ni miligramu ngapi kwa lita, na yalipimwa lini?