Mzee keshatangaza kituoni kuwa tunaenda Uswisi

Shangazi, mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 61, nyumbani ni karibu na Litein. Binti yetu ni muuguzi jijini Munich, Ujerumani, na hatujamtia machoni kwa miaka mitatu. Amepata likizo ya siku kumi kuanzia tarehe 27 Desemba na anataka twende, kisha atupeleke milimani tukaone theluji. Ametupa mahali pawili tuchague: Garmisch-Partenkirchen, hukohuko Ujerumani, au Zermatt kule Uswisi. Mzee kashikilia Zermatt, na eti atavaa zile mbao ndefu ateleze na vijana, ilhali goti lake humsumbua hata akishuka mtoni. Mimi nilitazama bei za hoteli za Zermatt kwenye simu nikaizima. Mtoto huyohuyo ndiye anayemlipia mdogo wake karo pale Chuo Kikuu cha Kabianga. Nikilitaja hilo mzee ananuna, na sasa ni wiki ya pili tunasemeshana kupitia kwa mjukuu. Kibaya zaidi, keshawatangazia wenzake kwenye kituo cha kuuzia majani chai kuwa anaenda Uswisi. Nifanyeje?
Mama wa Litein

Mama, mpe mjukuu pole kwa kazi ya utarishi.

Nijuavyo mimi, ugomvi wenu si wa milima. Mzee amenaswa na ulimi wake. Mwanamume akishatangaza jambo mbele ya wenzake wakisubiri lori la kiwanda, hawezi kurudi juma lijalo na kusema safari imegeuka, hasa huku kwetu ambako bonasi ya chai ikitoka hutuacha tukiwatazama watu wa Kirinyaga na Murang'a kwa kijicho. Uswisi ndiyo bonasi yake. Ukiendelea kumsomea bei, atasikia tu kwamba unataka achekwe.

Hata hivyo, kuhusu mahali pa kwenda, uko sahihi. Kutoka Munich hadi Garmisch ni kama saa moja na nusu kwa treni. Zermatt ni safari ya karibu kutwa nzima, mnabadilisha treni njiani, na magari ya kawaida hayaruhusiwi kuingia kijijini. Wenye magari huyaacha Täsch na kumalizia kwa reli. Katika likizo ya siku kumi, siku mbili zitaliwa na njia. Muuguzi anayetoka zamu za usiku anahitaji kulala na kupikiwa kimyet, ugali wetu, na mamake, sio kukimbizana na mabegi stesheni. Tena majira hayo ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo vyumba vya milimani hupanda bei kuliko yote, na Zermatt ni ghali hata siku za kawaida.

Liko pia suala la viza. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na kwenu ni Ujerumani. Viza hiyo ingewafikisha Uswisi vilevile, kwa hiyo mzee asije akaambiwa kwamba Zermatt imekatazwa. Akigundua umemdanganya mtaanza upya. Binti aende ofisi ya wageni ya mji anaoishi achukue hati ya kuahidi kuwagharamia. Watamdai karatasi za mshahara, na hapo ndipo mtajua kwa hakika mfuko wake una kina gani. Ada ni yuro 90 kwa kila mmoja, na lazima muwe na bima ya safari ya yuro 30,000 au zaidi. Ombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Msingoje Novemba.

Sasa tumrudie mzee. Huo mlima wa Zermatt anaoutamani, Matterhorn, ndio ule uliokuwa kwenye pakiti za chokoleti ya Toblerone. Una mita 4,478. Lenana yetu, kilele ambacho watalii hupanda kwa miguu pale Mlima Kenya, ina mita 4,985. Kijiji cha Zermatt chenyewe kiko mita 1,600 hivi juu ya bahari, chini kuliko Kericho mjini. Mwambie hayo kwa upole, tena wakati wa chai, usiyatumie kama rungu.

Kisha mwambie kuhusu Zugspitze. Ndio mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, mita 2,962, na kutoka Garmisch treni ya meno imekuwa ikiwapandisha watu huko tangu 1930. Goti halitajua kama limepanda mlima. Mpaka wa Ujerumani na Austria unapita hapohapo kileleni, kwa hiyo atazikanyaga nchi mbili kwa siku moja. Na anga likiwa safi, wenyeji husema unaziona nchi nne, Uswisi ikiwemo. Kituoni atasema ameiona Uswisi kutoka juu, na hatakuwa amesema uongo.

Nyongeza: tarehe 1 Januari Garmisch huwa na mashindano ya kuruka na skii. Vijana hujitupa kutoka kwenye mnara mrefu na kupaa hewani zaidi ya mita 100. Akishayaona hayo, sidhani kama atazidai zile mbao.

Akizidai bado, mkumbushe Philip Boit wa Eldoret. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akapelekwa Finland kufundishwa skii, na mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano alimaliza wa mwisho katika skii ya kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngoja mwishoni amkumbatie. Boit alikuwa na miaka 26 na magoti mazima.

Baridi isiwatishe kupita kiasi. Mmeshaona mvua ya mawe ikilala nyeupe kati ya mistari ya chai, watoto wakiokota na kutia kinywani, na mnaikumbuka jalidi ya Januari 2012 iliyobabua mashamba mpaka yakawa kama yamepitiwa na moto. Lakini kule baridi haiondoki jua likitoka. Gambuti ziacheni nyumbani, hazishiki joto. Pitieni soko la mitumba mtafute jaketi nono kama zile wanazovaa vijana wa boda boda alfajiri. Baadhi zilishonwa kwa ajili ya milima hiyohiyo. Viatu binti awanunulie huko, vyenye soli ya kung'ata barafu.

Jioni hii mwondoe mjukuu katikati. Usianze na safari. Anza kwa kumuuliza mzee nani atakama ng'ombe na nani atasimamia wachumaji siku hizo kumi, maana hilo halijapangwa na yeye ndiye mwenye kulijua. Akishaanza kutaja majina, mweleze habari ya treni ya meno.