Kapeti, Unyevu na Kifua cha Mtoto



Kila mvua zinapoanza, wodi yetu ya watoto hujaa vikohozi. Wengi wana mafua ya kawaida, wachache wana nimonia, na hao tunajua namna ya kuwahudumia. Wapo wengine wanaotusumbua mawazo. Mtoto analetwa usiku akipumua kwa shida, kifua kinalia kama filimbi. Anapewa dawa, na baada ya siku 2 anakimbizana na wenzake wodini. Anaruhusiwa kwenda nyumbani, na kabla ya wiki kwisha yuko mlangoni kwetu tena.

Msichana mmoja wa miaka 6 mwenye pumu alilazwa namna hiyo mara 3 katika mvua za vuli. Mama yake alikuwa mwangalifu kuliko wengi. Dawa ya kuvuta alimpa kama alivyoelekezwa, na nyumbani hakuna aliyevuta sigara. Mara ya tatu tulimwomba atukaribishe kwake, tuone mtoto analala wapi.

Nyumba ilikuwa nzuri, ya matofali na bati, imezungukwa na migomba kama zilivyo nyumba nyingi hapa Bukoba. Sebuleni kulikuwa na kapeti zito jekundu lililonunuliwa kwa fedha za kahawa. Wageni wakilala, watoto walitandikiwa godoro jembamba juu ya kapeti hilo, na mvua hizo wageni hawakukosekana. Tulipoinua pembe moja, harufu ya uvundo ilitupokea. Sakafu ya saruji chini yake ilikuwa imelowa, na mgongo wa kapeti ulikuwa na madoa meusi na ya kijani. Mama alishika mdomo. “Kila siku ninalifagia,” alisema. Ni kweli alilifagia, na juu lilikuwa safi kabisa.

MAJI HUTOKA WAPI?

Mji wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ziwa liko karibu. Ardhi yetu hukauka kwa shida. Saruji nayo, ingawa ni ngumu, ina vitundu vidogo sana ambavyo hunyonya maji ya ardhini. Fundi mzuri hutandika nailoni nzito kabla ya kumwaga zege la sakafu, lakini nyumba nyingi zilijengwa bila hiyo. Sakafu ikiwa wazi, unyevu hupanda na kupotea hewani bila mtu kujua. Ukitandika kapeti, hasa lenye mpira mgongoni, au lile la plastiki linalouzwa kwa mita, umeziba njia, na maji yanabaki hapo chini.

Unaweza kuipima sakafu yako mwenyewe. Chukua kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kila upande, kilaze juu ya sakafu iliyo wazi, ubandike kingo zote kwa gundi ya karatasi pana ili hewa isipite. Kiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, maji yanatoka ardhini. Yakiwa upande wa juu, ni unyevu wa hewa ya chumbani, nao huletwa na kupika ndani, kuanika nguo ndani, na watu wengi kulala chumba kimoja madirisha yakiwa yamefungwa.

Wazee wetu walitandaza nyasi ndani ya msonge. Baadhi yetu tuliozaliwa katika nyumba hizo tunakumbuka tulivyotumwa kukata nyasi, na jinsi zilizochakaa zilivyotolewa nje na kutandazwa mpya. Hatusemi turudi huko, maana viroboto navyo vilikuwepo. Lakini tandiko la nyasi lilibadilishwa. Kapeti tukishalitandika, tunapanga makochi na kabati juu yake, nalo hukaa hapo miaka 10 bila kuinuliwa.

KINACHOISHI NDANI YAKE

Kitambaa kikibaki kimelowa kwa saa 24 hadi 48, kuvu huanza kuota. Kuvu hutoa vumbi laini lisiloonekana, ambalo huingia puani na kifuani. Pamoja nalo wapo wadudu wa vumbi, wadogo kiasi kwamba 3 wakipangwa mstari hawazidi milimita 1. Hawaumi mtu. Hula magamba ya ngozi yanayotudondoka, na huhitaji hewa yenye unyevu ili waishi. Kinyesi chao ndicho kinachowasha mapafu ya mwenye pumu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo hupata kikohozi, kubanwa kifua na pumu zaidi ya wengine.

Sasa fikirieni mtoto aliyelala juu ya kapeti kama hilo, pua yake ikiwa sentimita chache tu kutoka hapo, kwa saa 9 kila usiku.

TUFANYE NINI?

La kwanza, na hili tungependa lifuatwe hata kama mengine yatashindikana: chumba anacholala mtoto mwenye pumu kisiwe na kapeti. Sakafu tupu inayopigwa deki na kukauka inamfaa zaidi. Asilazwe kwenye kapeti la sebuleni pia, hata kwa usiku mmoja wa wageni. Kama hakuna kitanda, tandika mkeka chini ya godoro, na kila asubuhi vyote viwili visimamishwe ukutani au vitolewe juani.

Kapeti la sebuleni liwe dogo, ambalo watu 2 wanaweza kulibeba. La ukuta hadi ukuta halifai kwa sakafu inayotoa maji. Kila wiki liinuliwe pembe zote, sakafu ipate hewa. Siku ya jua litundikwe kwenye kamba nzito au juu ya ua, mgongo ukiangalia jua kwanza, kwa saa kadhaa, kisha lipigwe kwa fimbo. Anayepiga ajifunge kitambaa puani, na mwenye pumu akae mbali mpaka vumbi litulie. Kulifagia likiwa ndani hurusha vumbi tu, nalo hutua juu ya vitanda. Miezi ya Juni hadi Agosti, mvua zinapopungua, ndiyo ya kulifua. Tumieni maji na sabuni kidogo, msuuze vizuri, na msilirudishe ndani hadi likauke mpaka katikati. Ligeuzeni na kulibonyeza kwa kiganja. Mkihisi ubaridi, bado lina maji.

Mtoto akikojoa juu yake, msisugue. Kandamizeni kwa kitambaa kikavu, mimine maji kidogo, mkandamize tena, kisha mlitoe nje siku hiyo hiyo. Kapeti lililoingiwa na maji ya choo, au lililokwisha kuota kuvu hadi mgongoni, litupwe. Tunajua bei yake, na tumewahi kuona akina mama wakilia. Hata hivyo hakuna sabuni itakayolirudisha.

Msimwagie kapeti jiki, na kamwe msichanganye jiki na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani hutoa gesi inayounguza mapafu. Manukato ya kupuliza hufunika harufu tu na huweza kumbana mwenye pumu. Vidonge vya naftalini ambavyo wengine huviweka chini ya kapeti havikaushi chochote, na kwa baadhi ya watoto wachanga moshi wake unaweza kuharibu damu.

Nje ya nyumba kuna kazi ya akina baba. Gata zilizotoboka zizibwe. Mfereji uchimbwe kuzunguka nyumba, na ardhi iteremke kutoka ukutani kwenda nje. Udongo au kuni zilizorundikwa ukutani ziondolewe. Migomba iliyosogea hadi dirishani ipunguzwe, jua liingie. Tunajua mgomba hauondolewi hivi hivi Uhayani, lakini mistari 1 au 2 iliyo karibu na dirisha la watoto haitaleta njaa.

JIKO LA MKAA SI LA KUKAUSHIA

Hapa tunawaomba msikilize sana. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku ili kukausha sakafu au kapeti, wakafunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu hupata kichwa kuuma, kizunguzungu, kisha usingizi ambao haamki. Afadhali sakafu ilale na maji.

LINI KUMLETA MTOTO

Mhesabu pumzi mtoto akiwa ametulia, kwa dakika 1 kamili. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni haraka mno. Mleteni siku hiyo hiyo. Kama kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, hawezi kunyonya au kunywa, midomo imekuwa ya buluu, au hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, msingoje asubuhi. Na si kila kikohozi ni cha kapeti: anayekohoa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu.

Yule msichana bado anatumia dawa yake ya kuvuta kila siku, wala hatujamwambia mama aiache. Kapeti jekundu walilikata. Nusu iliyooza ilitupwa, na iliyobaki walitandika chini ya meza ya sebuleni. Mvua kubwa zikianza mwezi Machi, mama hulikunja na kuliweka juu ya stuli mbili mpaka Juni. Mvua zilizofuata, msichana alilazwa kwetu mara 1, kwa siku 2.