Kusoma ni Kuelewa: Somo la Ufahamu wa Kiingereza kwa Watoto Wetu wa Sekondari

Tunaandika kutoka Shimanzi. Kwa wale wasiopajua, Shimanzi ni upande wa bandari, kisiwani Mombasa. Kuna reli, magodauni, malori na matangi ya mafuta, na kandokando ya hayo yote kuna watu wanaishi na watoto wanasoma.

Jioni moja kina mama wa chama walikuwa katika ukumbi wa kanisa wakihesabu michango. Kijana wa mmoja wao, yuko kidato cha tatu, aliombwa asome kipande cha gazeti la Kiingereza. Alisoma vizuri sana, hakukwama hata mahali pamoja. Kina mama wakampigia makofi. Kisha mzee mmoja akamwuliza kwa upole, "Haya mwanangu, sasa tuambie, hapo wanasema nini?" Kijana akalitazama gazeti, akatutazama sisi, akanyamaza.

Kijana yule si mjinga. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Tangu darasa la kwanza amezoea kupigiwa makofi kwa kutamka.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 tunasoma habari za Filipo na yule Mwethiopia aliyekuwa garini akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo alimsikia akisoma. Hakumsifu kwa sauti yake nzuri. Alimwuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Naye yule mtu, ingawa alikuwa mkubwa wa hazina ya malkia, hakuona aibu kusema kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Basi somo la leo ni hilo: mzazi na kikundi wawe Filipo kwa mtoto anayesoma.

KWA NINI TUJALI JAMBO HILI?

Kwanza, mtihani. Katika KCSE, karatasi ya pili ya Kiingereza ina alama 80, na alama 20 kati ya hizo ni za ufahamu. Lakini usifikiri ni 20 tu. Katika karatasi hiyohiyo mtoto hupewa kipande cha kitabu cha fasihi na shairi au fasihi simulizi, naye hujibu maswali kwa njia ileile ya kusoma na kuelewa. Hata Hesabu na Sayansi huulizwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyeelewa swali atajibu vipi? Na wale walio katika mtaala mpya wa umilisi nao hawana njia ya mkato. Mtaala umebadilika, lakini kusoma bado ni kusoma.

Pili, maisha. Fomu ya mkopo wa kikundi, maagizo ya dawa, mkataba wa kazi bandarini, tangazo la hatari kwenye ukuta: mengi ya hayo huandikwa kwa Kiingereza. Siku moja mtoto huyo ndiye mtakayempa karatasi akusomeeni kabla hamjatia sahihi. Akiwasomea kwa sauti nzuri bila kuelewa, mtatia sahihi gizani.

NAMNA YA KUSOMA

Wanafunzi wengi hufanya hivi: husoma mstari wa kwanza, wakikuta neno gumu husimama, huogopa, kisha hukimbilia maswali na kunakili sentensi yoyote inayofanana na swali. Njia hiyo hupoteza alama. Tuwafundishe hatua hizi nne:

1. Soma habari yote mara moja bila kusimama. Ukikuta neno gumu, lipite. Ukimaliza jiulize, "Habari hii inahusu nini?" Jibu kwa sentensi moja, hata kwa Kiswahili.

2. Soma maswali yote. Tazama alama za kila swali. Swali la alama 3 kwa kawaida linataka pointi 3. Ukiandika pointi moja ndefu, bado ni moja.

3. Rudi usome habari mara ya pili, polepole, penseli mkononi. Tia alama mahali penye jibu.

4. Jibu kwa maneno yako, kwa ufupi. Swali likisema "in note form", andika pointi fupi, usiandike sentensi kamili. Likisema "in not more than 40 words", hesabu maneno.

ZOEZI

Hii hapa habari fupi tuliyoiandika kwa ajili ya darasa letu la Jumamosi. Mwanafunzi aisome peke yake kwanza, kimyakimya.

"On 31 January 2009 a petrol tanker overturned at Sachangwan, near Molo. The petrol ran along the roadside, and soon people came with jerrycans and buckets. To a family that buys paraffin by the cup, it looked like a gift. Then the petrol caught fire. More than one hundred people lost their lives, and many others were badly burnt.

Petrol does not have to touch a flame. As it lies in the open, it gives off a vapour which nobody can see. This vapour is heavier than air, so it creeps along the ground and settles in ditches. A cigarette, a charcoal stove or a spark from an engine, many steps away, is enough to light it. The fire then runs back to where the petrol is.

More than two years later, on 12 September 2011, fuel leaked from a pipeline at Sinai in Nairobi. Again the people came with their containers."

Sasa maswali. Mwanafunzi ayajibu kwenye daftari kabla ya kusoma maelezo yetu hapa chini.

1. Where did the tanker overturn? (1 mark)
2. Why did the people come with jerrycans and buckets? (2 marks)
3. In note form, state four facts which make petrol vapour dangerous. (4 marks)
4. Explain the meaning of "creeps" as it is used in the passage. (1 mark)
5. What does the word "again" in the last sentence tell us about the feelings of the writer? (2 marks)

TUSAHIHISHE PAMOJA

Swali la 1 ni rahisi. Jibu liko wazi katika mstari wa kwanza: "At Sachangwan, near Molo." Maswali ya namna hii ni ya kuokota. Mtoto asiandike habari ya tarehe wala ya moto, hakuulizwa hayo.

Swali la 2 tayari lina mtego. Wengi katika darasa letu waliandika, "Because it looked like a gift." Hapo wamenakili tu. Zawadi gani? Kwa nani? Habari inasema juu ya familia inayonunua mafuta ya taa kwa kikombe. Maana yake ni watu wenye kipato kidogo. Jibu kamili ni kama hili: "They were poor, and they saw a chance to get fuel without paying for it." Hapa mtoto ameunganisha mambo mawili, umaskini wao na mafuta ya bure, ndiyo maana swali lina alama 2.

Swali la 3 linataka pointi nne, tena fupi:
- cannot be seen
- heavier than air, stays near the ground
- can be lit by a small spark far away
- carries the fire back to the petrol

Angalia hakuna sentensi kamili hata moja. Mwanafunzi anayeandika insha hapa hupoteza alama hata kama anayajua yote. Angalia pia kwamba vifo vya Sachangwan havimo. Ni kweli vimo katika habari, lakini swali limeuliza juu ya mvuke tu.

Swali la 4 linasema "as it is used in the passage", yaani maana ya neno mahali hapa. Mtoto mmoja alijibu kwamba ni kutambaa kama mtoto mchanga. Hakuwa mbali, lakini mvuke hauna magoti. Tulimwambia atazame majirani wa neno. Kabla yake kuna uzito, baada yake kuna ardhi na mitaro, na juu kidogo tumeambiwa hauonekani. Basi ni kwenda chinichini, polepole, bila mtu kujua. "It moves slowly along the ground without being noticed." Hiyo ndiyo dawa ya neno gumu: usiogope, uliza majirani zake.

Swali la 5 ndilo lililowashinda wengi. Jibu halijaandikwa popote, inabidi kulitafuta kati ya mistari. Mwandishi angeweza kusema tu, "The people came." Kwa nini akaongeza "again"? Kwa sababu Sachangwan ilikuwa imetangulia, na watu hawakujifunza. Anasikitika. "The writer is sad that people had not learnt from what happened at Sachangwan." Alama moja ni ya kutaja hisia, alama ya pili ni ya kutoa sababu. Mtoto akiandika "sad" peke yake amepata nusu ya kazi.

"LAKINI MIMI KIINGEREZA SIKIJUI"

Haya ndiyo maneno tunayoyasikia sana kutoka kwa wazazi. Tunajibu hivi: hata asiyejua Kiingereza anaweza kuwa Filipo. Keti na mtoto wako dakika ishirini, mara mbili kwa wiki. Mwambie asome ukurasa mmoja, kisha afunge kitabu. Mwulize kwa Kiswahili, au kwa Kigiriama, Kidigo, Kitaita, lugha yoyote ya nyumbani:

- Habari hii inasema nini?
- Umeyaona wapi hayo? Nioneshe mstari.
- Kwa nini ilitokea hivyo?
- Kuna neno lililokushinda? Unadhani maana yake ni nini?

Akiweza kukusimulia kwa lugha yake, ameelewa. Akibabaika, afungue asome tena. Usimkaripie wala usimcheke, maana mtoto aliyechekwa huanza kubahatisha ili anyamaze haraka. Mwache akasome tena, umngojee.

Kikundi nacho kina kazi yake. Sisi hapa tulianza na watoto tisa, meza moja na magazeti ya zamani ya kufungia mandazi. Hatukununua kitu isipokuwa penseli na daftari moja la kuandikia mahudhurio. Tulimwomba kijana aliyemaliza kidato cha nne, hana kazi bado, awaongoze kwa saa moja kila Jumamosi. Chama humpa nauli na chai. Wiki ya kwanza wanasoma habari na kujibu. Wiki ya pili kila mtoto anatunga maswali matatu juu ya habari nyingine na kumpa mwenzake. Kutunga swali ni kazi ngumu kuliko kulijibu, nayo hufundisha zaidi.

JAMBO LILILOTUGUSA

Tuliichagua habari ya petroli kwa sababu tunaishi karibu na mafuta. Meli huyaleta, matangi huyahifadhi, malori huyabeba mbele ya milango yetu. Msichana mmoja wa darasa letu alikwenda nyumbani akamsimulia mama yake kwa Kiswahili ule mvuke usioonekana unaotambaa chini. Wiki iliyofuata mama huyo alikuja kutuambia kwamba alikuwa na mtungi wa petroli ya pikipiki uvunguni mwa kitanda, hatua chache kutoka jiko la makaa. Usiku uleule aliutoa nje.

Mama yule hasomi Kiingereza. Lakini mtoto wake alisoma, akaelewa, akamletea nyumbani kwa lugha anayoielewa. Tulipoanza tulifikiria alama za mtihani tu. Siku ile tuliona kwamba kuelewa kunaweza kuokoa nyumba nzima.

Na tuseme wazi kwa kila kikundi, kisiwani na barani: mafuta yakimwagika barabarani, msiende na mitungi. Ondokeni, waiteni na watoto waondoke, msiwashe moto wala injini karibu, na waiteni watu wa zimamoto na polisi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu ni watoto wangapi wako sekondari? Nani huwauliza wameelewa nini?
2. Ni kijana gani miongoni mwetu anaweza kuongoza darasa la Jumamosi? Tutamsaidiaje?
3. Ni karatasi gani za Kiingereza tulizowahi kutia sahihi bila kuelewa? Tufanye nini safari ijayo?
4. Kila mwanachama alete kipande kimoja cha maandishi ya Kiingereza kutoka nyumbani kwake, kama karatasi ya dawa, gazeti au tangazo. Watoto watusomee, kisha watueleze.

Jaribuni somo hili kwa mwezi mmoja, kisha mtuandikie mlivyofaulu na mlipokwama. Bwana awabariki ninyi pamoja na watoto wenu.