Mfadhili Si Mfuko: Namna ya Kuzungumza na Wanaotegemeza Utume Wetu

Masomo ya kusoma kwanza: 1Kor 16:1-4, 2Kor 8–9, Flp 4:10-20



Wapendwa vijana wenzangu, leo tuongee jambo ambalo kila kiongozi wa vijana parokiani analifahamu, ila tunafundishana mara chache sana: namna ya kuzungumza na wafadhili. Tukitaka kufanya semina, kwenda hija au kununua vyombo vya kwaya, tunaandika barua ya kuomba mchango wa hali na mali. Pesa inaingia, shughuli inafanyika, halafu kimya. Mwaka unaofuata mfadhili yule yule anapata barua ile ile, iliyobadilika ni tarehe tu.

Mimi ni frateri, na suala hili linanigusa moja kwa moja. Ugali ninaokula seminarini na vitabu nilivyosomea falsafa, sehemu yake imetoka kwa watu ambao huenda sitaonana nao hapa duniani. Shirika la Kipapa la Mtume Petro, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1889 na Jeanne Bigard pamoja na mama yake Stéphanie, linakusanya sadaka za waamini kwa ajili ya malezi ya mapadre katika nchi za misheni. Wengi wanaotoa si matajiri. Basi kwangu hili ni swali la dhamiri: nina deni gani kwa mtu aliyejinyima kwa ajili yangu?

Aristotle anafundisha kwamba urafiki uko wa aina tatu: wa faida, wa raha na wa wema. Ule wa faida hufa faida inapokwisha. Hebu tujipime. Kama mfadhili anatusikia tu siku tukiwa na shida, tumemfanya rafiki wa faida. Na akikaa pembeni tusimlaumu, maana sisi ndio tuliomwonyesha kwamba tunachokijua kwake ni mfuko.

Mtume Paulo alichangisha pesa, tena kwa miaka. Alizunguka makanisa ya Makedonia, Akaya na Galatia akikusanya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Tujifunze kwake mambo matano.

1. Shukuru kabla ya kuomba tena

Wafilipi walimtumia Paulo msaada kwa mkono wa Epafrodito. Jibu lake tunalo katika Flp 4. Anathibitisha kwamba mzigo umefika wote, anakumbuka hata misaada yao ya zamani kule Thesalonike, halafu anawaambia kwamba hatamani zawadi kwa ajili yake, bali faida ya kiroho inayoongezeka kwao. Na haombi kingine! Kabla ya hapo, katika sura ya 2, amewapa habari za Epafrodito: aliugua karibu kufa, Mungu akamhurumia. Aliwaandikia kama watu wa nyumbani wanaosubiri habari za ndugu yao. Nasi tujaribu: ujumbe wa kwanza baada ya kupokea uwe wa shukrani tupu, na ufike ndani ya siku chache.

2. Omba waziwazi, bila kulazimisha

Paulo hazunguki. Anawaambia Wakorintho jambo gani limebaki, anawakumbusha kwamba walianza mwaka uliopita na sasa wamalize. Lakini anasema wazi kwamba hatoi amri. Kila mtu atoe alivyokusudia moyoni. Kumtisha mtu kwa laana, au kumwahidi utajiri kana kwamba Mungu anafanya biashara, si utume.

Kuomba waziwazi kunahitaji hesabu. Tuseme mnaandaa semina ya siku tatu kwa vijana 60. Chakula ni shilingi 5,000 kwa kijana kwa siku, jumla 900,000. Nauli za wawezeshaji 100,000, madaftari 50,000. Jumla kuu ni 1,050,000. Kila kijana anachanga 5,000, inapatikana 300,000. Kumbe mnachoomba ni 750,000. Andikeni hivyo hivyo. Mfadhili akiona ninyi wenyewe mmeweka mkono, anajua anaalikwa kushiriki kazi iliyokwisha kuanza.

3. Toa hesabu kabla hujaulizwa

Hapa ndipo wengi tunaanguka. Paulo hakubeba michango peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kulaumu. Alitaka mambo yawe mema mbele ya Mungu na pia mbele ya watu. Mtume mzima! Sisi ni nani tukasirike tukiulizwa risiti?

Kanisa limeliweka hili hata katika sheria. Kanoni ya 1267 inataka sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Kanoni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Kwa hiyo mkichangiwa kinanda, msinunue sare. Mahitaji yakibadilika, rudini kwa waliotoa muwaombe ridhaa.

Na kama jambo halikwenda vizuri, semeni. Katika kigango kimoja nilikofanya kazi za kichungaji, vijana walichangisha pesa za kinanda, bei ikapanda kabla hawajafikisha lengo. Mwenyekiti wao alisimama baada ya Misa, akasoma kilichopatikana, kilichopungua na jina la benki pesa zilipowekwa. Mama mmoja mzee akaniambia nje, "Frateri, nimetoa miaka mingi. Leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa elfu yangu iko wapi." Hakuwa analalamika. Alikuwa na furaha.

4. Linda heshima ya wanaosaidiwa

Kuna kishawishi cha kupiga picha ya mtoto aliyechanika nguo, anayelia, ili michango iingie haraka. Jiulize: ungependa picha ya mdogo wako izunguke hivyo kwenye simu za watu? Huyo mtoto ni sura ya Mungu kabla hajawa sababu ya kuchangia. Omba ruhusa ya wazazi, usitie chumvi, na eleza pia anachokiweza, si anachokikosa tu. Paulo alipowasifu Wamakedonia alitaja ufukara wao, lakini alichokitukuza ni ukarimu wao.

5. Usimdharau mwenye kidogo

Mwaka 1822 huko Lyon, Ufaransa, lilianzishwa Shirika la Uenezaji wa Imani. Wazo lilikuwa la msichana mlei, Pauline Jaricot: watu wakusanyike kumi kumi, kila mmoja asali na kutoa senti moja kwa wiki. Barua za wamisionari zilichapishwa katika jarida la shirika, na wanakikundi wakapokezana kulisoma. Hivyo mtu wa senti moja alijua habari za misheni kama aliyetoa nyingi. Pauline alitangazwa Mwenyeheri tarehe 22 Mei 2022. Nasi orodha ya shukrani isiishie kwa mgeni rasmi. Yule aliyetuma 500 kwa simu naye ataarifiwe, kwa jina lake.

Ndugu zangu, Paulo anasema matokeo ya mchango hayaishii kwenye kujaza pengo la mahitaji. Unafurika kwa shukrani nyingi kwa Mungu. Maana yake, tukinyamaza tunamnyima mtoaji nafasi ya kumsifu Mungu kwa kazi aliyoshiriki. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Kimya nacho kinauma.

Maswali ya tafakari

- Je, kuna mtu aliyekusaidia au kusaidia kikundi chenu mwaka huu na bado hamjampa taarifa?
- Je, mnawaombea wafadhili wenu kwa majina, hata wale walioacha kutoa?
- Ni nani anashika pesa zenu, na ni wangapi wanaona hesabu?

Zoezi la wiki: mwandikie mfadhili mmoja ujumbe wa mistari mitano. Mwambie asante, mwambie alichotoa kilifanya nini, umwombee. Usiombe chochote.

Tusali: Ee Bwana, unayepokea hata senti ya mjane, wabariki wote wanaotutegemeza. Utujalie moyo wa shukrani, ulimi wa kweli na mikono safi, ili kwa kila wanachotoa jina lako litukuzwe. Amina.

Tuzidi kuombeana.